Matembezi ya Jumamosi, Lamu

Assalamu alaykum ndugu na dada zangu,

Tutakutana saa kumi na nusu alasiri mbele ya Ngome ya Lamu. Ilianza kujengwa takriban mwaka 1813, baada ya Vita vya Shela, watu wa Lamu walipowashinda wa Pate na Mombasa, na wakati ule ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo bahari iko mbali nayo kwa sababu ufuo ulijazwa. Simameni hapo kidogo mfikirie majahazi yalipokuwa yakitia nanga. Hadi 1984 ilikuwa jela, na wazee wengi bado wanaikumbuka hivyo.

Kisha tutaingia Mkomani, mtaa wa kale wa nyumba za mawe. Naomba tusiwe na haraka hapa. Angalieni dari: vyumba ni virefu na vyembamba, upana haufiki hata mita 3, kwa kuwa ndipo boriti ya mkoko inapoishia. Yaani mti wa mikokoni ndio uliompimia fundi chumba! Mlangoni kuna daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe, mgeni huketi hapo, na pengine habari yake huishia hapo hapo. Anayekaribishwa hupita kiwanda, yaani ua wa nyumba, kisha misana, kumbi ndefu zinazofuatana, na mwisho ni chumba kiitwacho ndani, kwenye zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, mahali pa bibi harusi. Juu ya vichochoro tutaona wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, ambalo lilimwezesha mtu kwenda nyumba ya pili bila kukanyaga njia.

Nyumba moja tumeruhusiwa kuingia. Tuvae kwa heshima, na tusipige picha bila idhini ya wenyewe. Atakayekuja aniandikie kabla ya Ijumaa usiku.