Kila kivinjari kiwe na kazi yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaoendesha stesheneri hapa Kigoma, pamoja na yeyote ambaye kompyuta yake moja inahudumia watu wengi.

Mwaka jana, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, binti mmoja kutoka Ujiji alijaza fomu dukani kwangu, akalipa, akaondoka. Kijana aliyeketi baada yake alifungua tovuti ileile, akaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya binti, na kabla sijatambua alikuwa amekwisha kuweka namba yake ya simu mahali pa ile ya mwenzake. Nilimpigia binti jioni ile, akarudi asubuhi tukarekebisha. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kilikuwa kimoja, na humo mlikuwa na barua pepe yangu, hesabu za duka na siri za kila aliyepita.

Tangu siku hiyo nina vivinjari vitatu. Firefox ni ya wateja tu, nami nimeipanga ifunguke daima katika hali ya faragha, ili madirisha yake yakifungwa, kuki (vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili kumtambua aliyeingia) na kumbukumbu za kuingia zifutike. Yafungwe yote, maana likisalia hata moja, anayefuata atamkuta aliyetangulia. Chrome ni ya malipo na hesabu zangu. Edge, inayokuja na Windows, nimeiachia mafaili ya PDF ya kuchapisha. Wapo wanaosema Chrome na Edge ni kitu kimoja, kwa kuwa tangu mwaka 2020 zote zimejengwa juu ya msingi mmoja wa programu uitwao Chromium. Injini kweli ni moja, lakini kila kivinjari kina ghala lake la nywila na kuki, na hilo ndilo tunalolihitaji.

Hata hivyo, kuificha alama ya Chrome kwenye skrini si kumzuia mteja kuifungua. Kinga ya kweli ni kumfungulia mteja akaunti yake ndani ya Windows, isiyo na ruhusa ya kusakinisha kitu, na ile ya mwenye duka ikalindwa kwa nywila.

Ruhusa hiyo ina uzito wake. Nilipopanga orodha ya programu kwa tarehe zilipoingizwa, nilikuta michezo, vigeuzi viwili vya PDF na kipakua video ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka. Alama yake nilikuwa nimeifuta zamani, nikidhani nimeondoa programu yenyewe, kumbe ilikuwa ikiwaka kila asubuhi pamoja na mashine na kula bando langu. Programu huondoka kwa kufutwa katika orodha ya programu kwenye mipangilio.

Nawaomba mafundi wanaotuuzia kompyuta za mtumba watutengenezee akaunti hizo mbili kabla ya kutukabidhi mashine, na sisi tukubali kuwalipa kwa kazi hiyo.

Mwenye stesheneri,
Mwanga, Kigoma