Salari slipu za karakana

Mbagala, Dar es Salaam

Swahiba Salehe,

Salaam aleikum. Huku wazima, labda joto na foleni ya Barabara ya Kilwa. Shemeji yako anakusalimu na anauliza ile samli. Najua nimenyamaza, lakini na wewe kila nikipiga hupatikani.

Ni haya mambo ya kustaafu. Chande tulikutana msibani kwa Mama Zuhura, akaanza wimbo wake: NSSF, huu mfuko wetu wa pensheni, ni kuibiwa, bora hela ile ingenunua viwanja Goba tangu enzi hizo. Nimerudi nyumbani usingizi umekataa, nikachukua daftari la mjukuu nikapiga hesabu.

Wanachukua miezi uliyochangia, wanagawa kwa 580, wanazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka, ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Mimi nikifika 60 ninatakiwa kuwa na miezi 348. Tuseme wastani ni 1,200,000 kwa mwezi. Inatoka pensheni ya 8,640,000 kwa mwaka. Asilimia 35 ya hiyo wanaizidisha kwa 12.5, unapewa kwa mkupuo: 37,800,000. Iliyobaki inaingia kila mwezi, 468,000, mpaka kufa.

Sasa nimetoa nini? Mishahara yetu ya mwanzo unaijua, aibu tupu. Ukiweka wastani wa 600,000 kwa miaka yote, ile asilimia 20 ya kuchangia, yangu na ya mwajiri pamoja, haifiki milioni 42. Mkupuo peke yake karibu unaimaliza, na pensheni ya mwezi wa tisa inafuta deni lote. Baada ya hapo ni kula tu! Mchezo wote uko kwenye ile miaka mitatu, ndiyo maana mshahara wa 1998 hauniangushi.

Chande atasema shilingi ya 1998 si hii, na hapo ana haki yake. Dola ilikuwa 660 na kitu. Lakini kiwanja chake mwenyewe cha Goba kiko wapi? Si alikiuza akanunua Hiace, na Hiace iko juu ya mawe?

Kwa hiyo kikokotoo, hii kanuni ya kupigia pensheni, hakinisumbui. Kinachoniuma ni taarifa yangu ya michango: miaka miwili ya pale karakana haimo. Kwenye mshahara walikata, kupeleka hawakupeleka. Miezi 24 hiyo, Salehe! Kwa hesabu ileile ni milioni 2.6 za mkupuo, na 32,000 kila mwezi maisha yangu yote. Na yule bosi alivyokuwa akituhubiria uaminifu kila Jumatatu... basi, niache.

Salari slipu zangu zililiwa na mchwa. Zako hazina jina langu, lakini zitaonyesha kwamba miezi ile makato yalikuwepo, na hapo nitakuwa na pa kuanzia.

Wewe uliyekuwa ukitunza mpaka tiketi za mpira, slipu za miezi ile bado unazo? Na taarifa yako ya michango umeiangalia, au unasubiri siku ya kuagwa kazini? Maana kama mimi sipo humo, wewe utakuwepo vipi? Mzee Kipara aliyekuwa akitulipa, bado yuko Korogwe? Namba yake unayo? Slipu utazileta mwenyewe, au nimtume kijana azifuate?

Ni mimi,
Hamisi