Mtuambie mmepunguza nini ili kuongeza nini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo linanikereketa siku nyingi na nikisoma barua za wenzangu naona tunalizunguka tu. Tukibishana kuhusu serikali tunabishana kana kwamba upande mmoja unataka mema na mwingine unataka mabaya, huyu anaitwa mzalendo yule anaitwa mpinga maendeleo, wakati mara nyingi wote wawili wanadai kitu kizuri kabisa, ila hivyo vitu vizuri ni mafahali wawili na zizi ni moja.

Nianze na lililotukuta sisi. Mjomba wangu aliamka asubuhi akakuta ukutani kwake kumepigwa X nyekundu, rangi bado mbichi inachuruzika mpaka kwenye msingi, na hakuna mtu aliyebisha hodi. Nyumba ile kaijenga miaka kumi na nane, kila akipata hela kidogo anaongeza tofali. Akachukua petroli na tambara akaanza kuisugua ile X, haikutoka, ikawa inasambaa tu mpaka ukuta wote wa mbele umekuwa mwekundu mwekundu, na yeye anasugua tu. Barabara ilikuwa inapita hapo. Ukoo mzima tukawaka, hawa ni wanyang'anyi, twende mahakamani.

Sasa nyumba ya nne kutoka kwa mjomba kuna mama mmoja, usiku aliposhikwa na uchungu ambulensi ilishindwa kuingia kichochoroni, ikabidi vijana wanne wambebe kwenye kiti cha plastiki na mvua inanyesha mpaka lilipokuwa gari. Alijifungua salama, mtoto yupo anakimbia. Huyo mama alikuja kumpa pole mjomba, akamwambia kwa adabu zote, "Kaka, pole sana, roho inaniuma, lakini barabara mimi naitaka." Mjomba hakumjibu kitu.

Nani mbaya hapo? Mi simuoni. Mjomba anadai ulinzi wa mali yake, mama anadai uhai na huduma, na yote mawili ndo kazi serikali iliyowekewa.

Watu wamehangaika na hili muda mrefu. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inaanza na sentensi moja yenye kazi sita za serikali, kuimarisha umoja, kusimamisha haki, utulivu wa ndani, ulinzi, ustawi wa wote na uhuru wa wao na vizazi vyao. Zote sita zimepangwa hapo vizuri, ila mbili zikigongana ipi ipishe, sentensi haisemi. Na ziligongana siku ile ile, manake walioandika neno uhuru waliacha utumwa uendelee ili majimbo yasigawanyike, ukaja kufutwa kikatiba 1865. Yaani walilipia umoja wao kwa uhuru wa watu wengine, na hao wengine hakuna aliyewauliza. Hiyo ndo hatari ninayoisemea, maana kuchagua hakukwepeki, shida ni kuchagua kimya kimya halafu bei akalipa asiyekuwepo mezani.

Wala sidharau anayetanguliza kitu tofauti na changu. Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliandika 1651 akiwa amekimbilia Paris huku kwao Uingereza wanachinjana wenyewe kwa wenyewe, akasema kazi ya kwanza ya serikali ni kuzuia watu wasiuane hata kama mtawala atakuwa na nguvu zote. Mwanafalsafa mwingine wa huko huko, John Locke, 1689 akaja na lake, kwamba mtawala ameshika dhamana tu ya uhai, uhuru na mali za watu, akiivunja wana haki ya kumtoa. Mi nipo na Locke, lakini mtu aliyelala porini na watoto akikimbia risasi akiniambia anataka amani kwanza, sina ubavu wa kumwita mjinga. Kila mtu hutanguliza kile alichowahi kukikosa.

Na kuna mahali uhuru wa mtu mmoja lazima upungue kweli. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia mwanamume wa Massachusetts aliyegoma kuchanjwa ndui, ikasema jamii inayo haki ya kujikinga. Naikubali hukumu ile, ndui yenyewe dunia ilitangaziwa 1980 kwamba imetokomezwa na chanjo ndo iliyoitokomeza. Lakini angalia adhabu, faini ya dola 5, hakushikwa kwa nguvu akachomwa sindano, sheria ilikuwepo kabla, sababu ilitajwa na yeye alisikilizwa mpaka mahakama ya juu kabisa. Uhuru ulipunguzwa kwa kipimo na kila mtu alijua kipimo ni kipi.

Sasa linganisha na kwetu sisi. Mjomba alienda ofisini kuuliza nyumba inapisha nini, barabara ya upana gani, kwa nini isipite kwenye uwanja ulio wazi nyuma, akajibiwa maneno matatu, "maslahi ya umma", faili likafungwa. Hilo neno siku hizi limekuwa kama kifuniko, unafunika nalo chochote na ukiuliza chini yake kuna nini unaonekana mkorofi. Wafaransa katika tamko lao la haki la 1789 walikubali kwamba mali ya mtu inaweza kuchukuliwa, ila hitaji la umma lithibitishwe kisheria, na fidia iwe ya haki na itangulie. Itangulie! Mjomba aliipata miezi kumi na moja baada ya kubomolewa, muda wote huo watu sita wanalala chumba kimoja cha kupanga.

Ombi langu kwenu wahariri ni dogo. Kiongozi akisimama kutangaza sera, iwe ya usalama, ya kodi, ya barabara, ya mitandao, waandishi wenu wasiishie kumuuliza italeta nini, wamuulize inapunguza nini na kwa nani, na huyo anayepunguziwa ameambiwa lini na atakata rufaa wapi. Wakiulizwa kila siku watazoea kujibu, na sisi tutaacha kuitana wasaliti.

Barabara imeisha, ambulensi inafika mpaka mlangoni kwa yule mama. Mjomba mwenyewe anapita hapo na baiskeli yake, anasema ni barabara nzuri. Anachouliza mpaka leo ni kwa nini hawakubisha hodi.

Msomaji wenu wa siku nyingi