Vyeti vya hawa watoto viende ofisi kwa ofisi, visipite kwenye kompyuta yangu

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Msamvu, Morogoro, jirani na stendi. Natoa kopi, naprinti, naskani, na kila mwaka dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu likifunguliwa nakuwa kama karani wa vijana wa huku kwetu waliomaliza kidato cha sita. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu ambacho kinaninyima raha muda mrefu sasa.

Hapa kaunta nina daftari, lile kaunta buku la kwaya mbili. Ndani kuna namba za mtihani za kidato cha nne, namba za simu na paswedi za akaunti za mkopo za vijana karibu wote niliowajazia mwaka jana. Wenyewe ndo wanasema dada niandikie hapo nisije nikasahau, na kweli wanasahau, wiki mbili mbele mtu anarudi mbio kasikia fomu yake ina kasoro na bila lile daftari hatuingii. Kwenye kompyuta nako ni hivohivo, jioni nikifungua sehemu ya madownload nakuta vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo vya baba za watu na sababu ya kifo imeandikwa, barua za wafadhili, picha za pasipoti saizi. Vingine wananitumia WhatsApp vinabaki kwenye simu yangu. Mi nafuta kila siku kabla sijafunga, lakini nani kaniambia nifute? Hakuna. Na steshenari ziko ngapi nchi hii?

Kwa ambaye hajawahi kujaza niseme kidogo inavokwenda. Kijana anaingia kwenye mfumo wa Bodi, anaweka namba yake ya kidato cha nne na mwaka aliofanya mtihani, na jina lake linakuja lenyewe. Halisumbui, maana matokeo yapo NECTA, Baraza la Mitihani, na Bodi wanayasoma kutoka hukohuko. Ukiona hapo unasema kumbe inawezekana. Sasa subiri. Cheti cha kuzaliwa inabidi kijana aende mwenyewe kwenye mfumo wa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, aapload, alipie, asubiri, apewe namba ya uhakiki halafu airudishe Bodi. Kama kafiwa na mzazi cheti cha kifo nacho kinazunguka njia hiyohiyo. Ada ya maombi ya mkopo shilingi 30,000. Kisha fomu inaprintiwa, inapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, inapelekwa kwa wakili au hakimu, inapigwa mihuri, inarudi kwangu niskani niapload tena.

Hebu tuangalie hapo jamani. Cheti kimetolewa na serikali, anayekihakiki ni serikali, anayekihitaji ni serikali, halafu katikati anatumwa mtoto wa miaka 19 na bahasha ya kaki. Akikosea herufi moja au jina la baba kwenye cheti cha kifo likiwa Hamis na kwenye cheti cha mtoto Hamisi basi hilo ni lake, atajua mwenyewe pa kwenda kuapa.

Wanaoumia zaidi ni wale wale ambao mkopo uliwekwa kwa ajili yao. Mwenye baba mwenye gari anakuja hapa na faili limepangwa, baba mwenyewe kakaa pembeni anasoma kila mstari. Anayetoka kwenye kaya ya TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, anakuja peke yake, namba ya kaya haijui, namwambia mpigie bibi, bibi simu haina chaji, kadi iko kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro kijijini. Na namba hiyo TASAF wanayo, maafisa wao walishaenda mpaka kwa huyo bibi wakamwandikisha, wanajua na nyumba yake imeezekwa nini! Kwa nini tunamsumbua tena athibitishe umaskini wake kwa mara ya pili mbele ya wateja wangu?

La kwangu mwenyewe nalo nilieleze. Kuna binti wa marehemu kaka yangu nimemlea mimi, alisoma sekondari mkoa mwingine kwa kulipiwa na wafadhili. Mtu aliyesomeshwa na mfadhili akiomba mkopo anatakiwa aambatanishe barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa analipiwa, vinginevyo ataonekana mzazi wake alikuwa na uwezo wa kulipa ada. Shule hiyo sitaitaja. Tulipiga simu tukaambiwa mkuu wa shule yuko likizo. Tukapanda basi tukaenda, karani akatuonesha kabati la chuma, akasema faili lake lipo humu ila funguo anayo mkuu. Nimesimama pale naliangalia lile kabati, kila kitu cha mtoto wangu kimo mle, kopi ya cheti cha kifo cha baba yake, barua za mfadhili za miaka yote, na Bodi wanavitaka hivohivo, na kati ya hilo kabati na Bodi hakuna njia nyingine isipokuwa miguu yetu. Tumerudi Morogoro mikono mitupu, safari ya pili ndo tukapata barua na siku za dirisha zilikuwa zimebaki chache sana, nikajaza usiku, kwa haraka ile kiambatanisho kimoja kikaingia hakisomeki. Awamu ya kwanza majina yametoka hayupo, ya pili hayupo. Alianza chuo kwa mchango wa ukoo na vikoba vyangu, wenzake wanapokea bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, yeye ananipigia simu usiku ananiuliza mama kesho nile nini. Alipata baadae kwenye rufaa lakini ile miezi siisahau.

Mtoto wa darasa la tatu siku hizi akihama shule ya msingi anahamishwa kwa namba yake ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, taarifa zake zinamfuata kwenye mfumo. Kwa hiyo hatuwezi kuambiana kwamba teknolojia haipo. Shule ingeweza kabisa kuandika kwenye mfumo kwamba mwanafunzi huyu alilipiwa na mfadhili kuanzia mwaka fulani, ikawa imeisha, Bodi wakakuta.

Ila nasema na upande wa pili kwa sababu nauona kila siku hapa dukani. Sitaki kila ofisi ifunguliwe kabati la mtoto ichukue inachotaka. Tayari kuna matapeli wanawapigia hawa vijana, wanamtaja jina na chuo alichoomba, tuma elfu hamsini jina lako liingie awamu ijayo, na mtu anatuma. Namba wamezitoa wapi kama si huku kwenye makaratasi yanayozagaa? Na majirani zetu wa Kenya mwaka 2023 walileta utaratibu mpya wa kuwapanga wanafunzi wa vyuo kwenye makundi ya uwezo, wanayaita bendi, kwa kutumia taarifa za familia, vijana wengi wakalalamika wamewekwa bendi isiyo yao, mtoto wa mkulima anaambiwa familia yenu ina uwezo, suala likafika mahakamani. Taarifa zikiungana vibaya mtu anahukumiwa na kompyuta na hajui hata ilisema nini juu yake.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake imeshazinduliwa. Inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na haki ya kurekebishiwa zikiwa na makosa. Sasa hiyo haki iwekwe mle mle kwenye fomu ya mkopo. Kijana akifungua akaunti aulizwe kwa Kiswahili cha kawaida, unaruhusu Bodi ichukue cheti chako RITA, namba ya kaya TASAF, barua ya ufadhili shuleni kwako? Akubali au akatae, moja moja, siyo kwa mkupuo. Aone kilichochukuliwa na nani alikifungua. Kama jina limekosewa abonyeze hapohapo aseme hili siyo sahihi, na ofisi zihangaike zenyewe. Anayekataa abaki na njia ya zamani ya bahasha, asinyimwe mkopo kwa hilo.

Najua wenzangu wa steshenari watanuna, msimu wa mikopo ndo tunalipia kodi ya fremu, hata mimi. Lakini hela ya kuskani cheti cha kifo cha baba wa mtu mara tatu kwa sababu mfumo umekataa siitaki, nitauza daftari na kalamu.

Na kama kuunganisha ofisi kutachukua muda, basi mwaka huu lifanyike moja dogo. Wakuu wa shule zenye wanafunzi wanaolipiwa na wafadhili waandike zile barua kabla watoto hawajamaliza mitihani ya Mei, kila mtu akabidhiwe yake akiwa bado bwenini na kopi ibaki shuleni sehemu ambayo karani anaifikia bila kumsubiri mkuu arudi likizo.

Mama wa steshenari,
Msamvu, Morogoro