Malalamiko: mbao za wima za ngazi zilizouzwa kama mkongo

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Mbao,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MBAO ZA WIMA ZA NGAZI ZISIZO MKONGO, PUNGUFU NA ZA KIPIMO KISICHO SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Profoma yenu inataja mbao 18 za wima, yaani zile zinazosimama kati ya kidato na kidato, za mkongo (mti wa mbao ngumu nyekundu), milimita 1,220 kwa 144 kwa 20, zilizokaushwa na kupigwa randa pande zote, shilingi 30,000 kila moja. Jumla ni shilingi 540,000, zimelipwa zote na risiti ya EFD ipo. Kirikuu iliyoleta mzigo hapa Mbezi Beach ilishusha mbao 16, na katika hizo hakuna hata moja inayofaa kufungwa kwenye ngazi hii. Tulipopiga simu, ofisa wenu alijibu kwamba ubao wa wima haukanyagwi, na kwamba vanishi ikipita kila kitu kitafanana. Barua hii inajibu hoja hizo mbili kwa vipimo.

Tuanze na idadi, maana ndiyo nyepesi. Ngazi hii ya zege inapanda mara mbili, katikati ikiwa na sakafu ndogo ya kugeukia. Kila upande una mbao 8 za kukanyagia lakini mbao 9 za wima, kwa sababu kidato cha mwisho kinaishia kwenye sakafu yenyewe na hakihitaji ubao wa kukanyagia. Ndiyo maana oda ilisema 16 za kukanyagia na 18 za wima. Aliyefunga mzigo aliona 16 akazilinganisha kama viatu, kila mmoja na mwenzake. Profoma alikuwa nayo mkononi.

Kipimo cha urefu wa kusimama nacho kimekosewa, na kosa lenyewe linaonekana lilikotoka. Kila kidato kina kimo cha milimita 170. Ubao wa kukanyagia una unene wa milimita 32, kwa hiyo nafasi inayobaki kwa ubao wa wima ni 138. Ongeza milimita 6 za kuzama kwenye mfereji tuliouchimba chini ya ubao wa kukanyagia, unapata 144. Ninyi mmeleta 156. Tukirudi nyuma kwenye hesabu, 156 inapatikana ukitoa 20, yaani unene wa ubao wa wima wenyewe, badala ya 32. Milimita 12 zinaonekana ndogo mpaka ufike kwenye kazi: ubao wa kukanyagia unaning'inia, haulali tena juu ya zege, na ukilazimisha kwa gundi na skrubu, sauti ya kulia itaanza mwezi wa kwanza.

Kosa hilo peke yake tungelivumilia, kwani msumeno wa meza unapunguza milimita 12 kwa muda mfupi. Tukapunguza ubao mmoja. Chini ya wekundu ikatoka mbao nyeupe, nyepesi, yenye mistari mipana ya paina. Rangi ilikuwa imeingia ndani chini ya milimita moja.

Baada ya hapo tulizipima zote 16. Ubao wa mkongo wa kipimo mlicholeta, milimita 1,220 kwa 156 kwa 20, unapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 2.8, kwa kuwa mkongo mkavu una wastani wa kilo 750 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwenye mizani, kumi na moja kati ya hizo zilisoma kilo 1.8 au chini kidogo, sawa na kilo 470 kwa mita ya ujazo. Tulizifuta kwa kitambaa cheupe chenye tina (kiyeyusho cha rangi), kikatoka cha hudhurungi. Mkongo wa kweli ukiulowesha maji hutoa umanjano, unaotokana na ule unga wa njano ulioko kwenye vitundu vya mbao yake. Seremala yeyote aliyefanya kazi na mkongo ameshachafua shati lake na rangi hiyo. Zilizobaki tano ni mkongo kweli, lakini tatu zina ukanda mpana wa ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Sehemu hiyo huachana na kiini kwa mstari mkali unaoonekana ukiwa mlangoni. Mbili zimeungwa katikati ya urefu, na kiungo kinaangukia pale pale jicho la mtu anayepanda linapotua.

Sasa hoja ya kwamba hazikanyagwi. Ni kweli, ndiyo maana unene wake ni milimita 20 na si 32, na hata bei tuliikubali kwa msingi huo. Lakini ncha za viatu hugonga ubao wa wima kila siku, na deki hupita chini yake kila asubuhi ikiacha maji kwenye kona. Vanishi ikichubuka kwenye mkongo, chini yake kuna mkongo. Ikichubuka kwenye mbao zenu, chini yake ni alama nyeupe, na kidato cha kwanza na cha pili ndivyo vitakavyoanza.

Na hoja ya vanishi. Paina hainywi rangi kwa usawa: sehemu laini ya mistari yake hunywa sana na ile ngumu hukataa, ndipo inapata mabaka na mistari iliyogeuka, penye mwanga pakawa giza. Mabaya zaidi ni muda. Mkongo unapokaa kwenye mwanga huendelea kukolea, unakwenda kwenye wekundu wa giza. Rangi ya kupaka inakwenda kinyume, inapauka. Kwa hiyo hata fundi hodari akizilinganisha leo zikafanana kabisa, ngazi hii ina dirisha kubwa pembeni, na kila mwezi aina hizo mbili za mbao zitazidi kuachana. Hakuna koti la vanishi linalozuia hilo.

Ieleweke kwamba hatuna ugomvi na paina. Mwenye nyumba angetaka mbao za wima nyeupe na za kukanyagia za giza, kama zilivyo ngazi nyingi mjini, tungenunua paina kavu, tukaipaka rangi ya mafuta, na kazi ingependeza kwa gharama ndogo. Mtu anaweza pia kuchagua mbao mbili za rangi tofauti kwa makusudi. Kinachokataliwa na kazi hii ni mbao moja kujifanya nyingine. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Liko jambo la unyevu, ambalo hatukulitegemea kwa mbao zilizoandikwa kuwa zimekaushwa. Mashine ya kupimia ilisoma asilimia 12 na 13 kwenye mbao za kukanyagia tulizonazo, na kati ya 19 na 22 kwenye zenu. Ndani ya nyumba ya Dar es Salaam mbao hutulia kwenye asilimia 12 hadi 15. Ubao wenye upana wa milimita 144 ukishuka kutoka 20 hadi 13 unaweza kupungua milimita 2 au zaidi, na ubao ulioshikwa kwa gundi pande zote hautapungua kimya kimya: utapinda au utapasuka. Mfereji wa milimita 6 unaficha pengo dogo, haurekebishi mbao mbichi.

Tunachohitaji ni hiki. Mlete mbao 18 za mkongo na 2 za akiba, zote za kiini, bila kuungwa kwenye urefu, nyuzi zikilala kwa urefu wa ubao. Upana uwe 144, unene 20, unyevu usizidi asilimia 14, na fundi wetu apime hapa kabla ya kusaini hati ya kupokelea mzigo. Tutaweka ubao mmoja wa kukanyagia getini kama sampuli, na uchaguzi wa rangi ufanyike nje, mchana, mbao zote zikiwa zimefutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kwa sababu mkongo mkavu usiopakwa kitu unadanganya. Miti ya mkongo yenyewe hutofautiana, ndiyo maana tunaomba mchague kutoka shehena moja. Migongo msiipake chochote. Tutaipiga sila (ya kuziba unyevu) wenyewe kabla ya kuigusisha na zege.

Mbao zenu 16 zipo, hatujafunga hata moja. Uliokatwa ni ule mmoja tu, na vipande vyake tumevihifadhi pamoja na kile kitambaa. Mje mzichukue kwa gari lenu. Mbao za kukanyagia haziwezi kufungwa mpaka za wima ziwepo, kwa kuwa ubao wa wima hutangulia na wa kukanyagia hulala juu yake, hivyo kazi yote ya ngazi imesimama kwa sababu ya mzigo huu.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, ama kuleta mbao zilizoandikwa kwenye profoma ama kurudisha shilingi 540,000 zote. Zikipita bila jibu, jalada hili, pamoja na profoma, risiti, picha za mizani na vipande vilivyokatwa, litapelekwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu aina na ubora wa bidhaa.

Wenu,

Mafundi seremala na msimamizi wa ujenzi,
kwa niaba ya mwenye nyumba,
Mbezi Beach, Dar es Salaam.

Viambatisho: nakala ya profoma, nakala ya risiti, picha 9, kipande kimoja cha ubao uliokatwa.