Barua ya wazi kwa mjomba wangu, mpiga gitaa

Mjomba, shikamoo.

Nauandaa upya ule wimbo wetu wa zamani tuliorekodi pamoja, nawe ulisema mbele ya ndugu kwamba wimbo ukisharekodiwa umekwisha, na anayeurudia ameishiwa. Nakujibu hapa hadharani, kwa heshima zote, kwa sababu wenzangu wengi wasio na lebo wala meneja wanaambiwa hivyohivyo.

Wewe umekulia kwenye kumbi za dansi. Bendi ya Mlimani Park iliyoanza 1978, yenye mtindo wake wa Sikinde, na bendi ya Msondo iliyopitia majina ya NUTA, JUWATA na OTTU, hazikufungwa na kilichorekodiwa Radio Tanzania. Ukumbini chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, lilirefushwa mpaka watu wakaloa jasho, na mpiga solo akaongeza alichojaliwa usiku ule. Nani aliwaambia wameishiwa? Mimi sina ukumbi wala bendi. Nina chumba Mbagala, kompyuta na hedifoni, na chemko langu nalitafuta humo.

Najua unadhani mashine inaniimbia. Sivyo. Studio tuliyorekodia haipo tena, na kompyuta yake ilikufa na vipande vyote vya wimbo. Kilichobaki ni MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde niliyorushiwa kwa Bluetooth. Faili la aina hiyo limepunguzwa ili liwe jepesi, na kilichotupwa hakirudi hata ukiligeuza kuwa WAV, faili zito lisilopunguzwa. Lakini mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, inayouchambua wimbo uliokwisha kuchanganywa: imefunzwa kwa nyimbo nyingi, basi inakisia ipi sauti ya mwimbaji, ipi ngoma, ipi besi. Sauti yangu imetoka vizuri, ila penye herufi "s" inavuma kama maji bombani. Kasi nimeipandisha kutoka mapigo 96 kwa dakika hadi 104. Enzi za kanda, ukiikimbiza na sauti inapanda juu. Sasa kasi inabadilika na sauti inabaki palepale. Nilipoimba chini kidogo ya noti sijapanyoosha. Nilikuwa kijana mwenye uchungu, na uchungu ule ndio wimbo wenyewe.

Kinachonikwamisha ni gitaa lako. Programu ikishatenga sauti, ngoma na besi, vilivyobaki inavirundika pamoja. Gitaa limeangukia humo, limegandana na kinanda, na kila nikilivuta linatoka limekatikakatika. Vijana wananishauri niweke gitaa la kompyuta. Sitaki. Ile tabia yako ya kuchelewa kidogo nyuma ya besi kwenye kiitikio sijaikuta katika programu yoyote, na bila hiyo siutambui wimbo.

Kwa hiyo njoo Mbagala upige upya. Safari hii kila ala itakuwa na faili lake la WAV, na nakala utaondoka nayo kwenye flashi. Kabla wimbo haujaingia mtandaoni tutauandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yetu wote wawili, maana ule mwanzo wa gitaa uliutunga wewe, mimi niliimba juu yake. Mgawanyo wa asilimia tuandikiane kabla ya kurekodi, na mama, dada yako, awe shahidi. Nyuzi mpya nitanunua Kariakoo. Niambie tu unapenda nene au nyembamba.