Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Simu ninayouguzia ni yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya mashambani. Afya ya kidijitali inapotajwa, tunaonyeshwa daktari bingwa wa mjini akizungumza na mgonjwa kwa video. Sina ugomvi na hayo. Ila huduma ya mbali ninayoifanya mimi haina video. Ni mama mwenye mimba ya miezi minane anayepiga flashi saa nne usiku kwa sababu hana kredo, nami nampigia kwa kredo yangu. Anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Namuuliza kama uso umevimba, kama tumbo linamuuma juu, chini ya mbavu. Kisha namwambia asingoje kupambazuke, natafuta mwenye gari, naipigia hospitali ya rufaa wajue anakuja. Dalili kama hizo huweza kutangulia kifafa cha mimba, nacho hakisubiri siku ya kliniki.

Huo ni uuguzi, Mheshimiwa. Lakini kwenye jedwali la zamu haupo. Simu ni yangu, laini ni yangu, bando ni langu, na asubuhi sina rejista ya kuandika niliyoambiwa wala niliyoshauri. Nikihamishwa, namba inaondoka nami. Anayeshika nafasi yangu hana habari ya yaliyosemwa, na wagonjwa wake wanaendelea kunitafuta mimi niliye mbali.

Si kwamba hatujui inavyoweza kufanywa vizuri. Kenya yenyewe ilishatoa somo. Kuanzia 2007 watafiti wa mradi wa WelTel waliwafuatilia watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Karibu nusu yao walipata huduma ya kawaida. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi na muuguzi kila wiki: “Mambo?” Mgonjwa alijibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010 katika jarida la Lancet: kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanameza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale wengine. Waliodhibitiwa virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazama walivyopanga. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Mume akiushika au mtoto akiusoma, ni salamu tu. Hata mwenye mulika mwizi aliupata. Na nyuma ya ujumbe alikuwapo muuguzi ambaye kupiga simu ilikuwa sehemu ya kazi yake, si hisani ya baada ya kazi. Hapo ndipo sisi tulipoachwa.

Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 simu na mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Ni hatua njema, nimeiona ikifanya kazi. Mhamasishaji akimkuta mzee nyumbani presha iko 180 kwa 110, anampigia nani? Ananipigia mimi, kwenye namba yangu binafsi. Simu ya serikali inapiga, simu ya muuguzi inapokea na kulipa gharama ya kinachofuata.

Halafu kuna picha. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari, mshono wa mama aliyepasuliwa, upele wa mtoto: vyote huja kwa WhatsApp na kukaa katika simu yangu kando ya picha za wanangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Simu hiyo ikinyakuliwa kwenye matatu, mgonjwa atamlaumu nani kama si mimi?

Ninachoomba si programu mpya. Tunazo za kutosha, na baadhi yake hulala mtandao unapolala. Kila zahanati ipewe simu na laini iliyosajiliwa kwa jina la kituo, yenye kredo, inayobaki pale hata wauguzi wakibadilishwa. Muda wa kupokea na kupiga simu uingie kwenye zamu, na kila ushauri uandikwe kwenye faili la mgonjwa. Zaidi ya yote, utolewe mwongozo unaosema wazi ni lipi muuguzi anaweza kuliamua kwa simu na ni lipi lazima mgonjwa aonwe, ili siku mambo yakiharibika nisisimame peke yangu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inazungumzia matibabu ya mbali. Mwongozo huo unaweza kuanzia hapo.

Wala asije mtu akachukua barua hii akasema zahanati inahitaji muuguzi mmoja na simu mbili. Simu haipapasi tumbo wala haisikii moyo wa mtoto. Nikimwambia mama aje, lazima akute mtu.

Najua nitajibiwa kwamba wauguzi wa zahanati ni wa kaunti, na tangu 2013 ni kweli. Lakini Katiba imeiachia serikali ya kitaifa sera ya afya, na hili ni la sera. Kaunti zitanunua simu. Kwamba kuuguza kwa simu ni kazi, yenye saa zake, kumbukumbu zake na kinga yake, hilo linapaswa kutoka kwako, Mheshimiwa, kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa zahanati